Kopo la maziwa limepita muda, muuza duka kanionesha kibao "mali ikishauzwa hairudishwi". Haki yangu iko wapi?

#1 MamaPacha, Machomane
Assalaam alaykum wana jukwaa. Nisaidieni kwa hili, maana tokea juzi silali vizuri.

Alkhamisi jioni nilimtuma mwanangu wa miaka tisa dukani akachukue kopo la maziwa ya unga ya pacha wangu, wana miezi saba. Kaja nalo, nikachemsha maji, nikafungua kifuniko, nikachota kijiko cha kwanza. Harufu ikanipiga. Si ya kuoza, ni ile ya mafuta yaliyokaa sana, kama samli iliyosahaulika kabatini. Nikaligeuza kopo kutafuta tarehe. Kitakoni pana kibandiko cha bei, cheupe, kimekaa pale pale penye tarehe, na pembe yake moja imeinuka. Nikakibandua taratibu kwa ukucha. Chini yake maandishi ya EXP, na muda umekwisha miezi minne nyuma.

Nikajitanda nikarudi nalo mwenyewe. Muuza duka hakukasirika wala hakunitolea maneno, nisimzulie. Kaninyooshea kidole ukutani tu: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Akasema, "Bi, mtoto angeangalia kabla hajaondoka." Mtoto wa miaka tisa!

Nataka kujua kile kibao kina nguvu ya sheria au ni maandishi tu. Na kuna jengine linaloniuma zaidi: mie nna daftari kwake, ananidai elfu thelathini na nane. Nikimshitaki, mwezi ukiwa mgumu nitakwenda kukopa wapi? Duka silitaji, msiniulize.

#2 KijanaWaKonde
Waalaykum salaam. Pole sana dada. Lipeleke TFDA, wale wa mamlaka ya chakula na dawa, hilo kopo, wamfungie duka leo leo.

#3 SheriaMtaani
KijanaWaKonde, TFDA haipo tena hata huko Bara. Tokea 2019 ni TMDA, inashughulika na dawa na vifaa tiba, na chakula kimehamia TBS, shirika la viwango. Isitoshe, afya na biashara ya ndani si mambo ya Muungano. Hapa kwetu ni Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, ambao mzizi wake ni Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi namba 2 ya 2006.

Dada MamaPacha, kuhusu kibao: tuna Sheria ya Ushindani Halali na Kumlinda Mtumiaji, namba 5 ya 2018, ndiyo iliyoleta Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Kabla yake ilikuwepo nyengine ya 1995. Kibao cha ukutani hakifuti wajibu uliowekwa na sheria. Muuzaji anaweza kukataa kupokea khanga kwa sababu umefika nyumbani ukaona jina haliko sawa. Kitu ambacho hakikufaa kuuzwa tangu mwanzo, hapo hana pa kusimama. Hilo la mtoto angeangalia ndilo baya kuliko yote. Kuangalia tarehe ni kazi ya mwenye duka, mnunuzi akiangalia ni hisani yake.

#4 DukaLaKona, Wete
Nami ni muuza duka, mwaka wa kumi na sita huu. Naomba nisikilizwe kabla sijahukumiwa pamoja na mwenzangu.

Kopo halianzii dukani. Ukenda kwa tajiri wa jumla anakwambia, "Chukua katoni hii, imebakisha miezi mitatu, nakupunguzia." Mtaji wangu ni mdogo, punguzo hilo ndiyo faida yangu ya wiki. Nachukua. Kopo kumi na mbili, na mtaa wetu unanunua moja kwa wiki, mwisho wa mwezi hazinunuliwi kabisa. Fanyeni hesabu wenyewe. Tena sisi wa Pemba mzigo mwingi unapita Dar au Unguja kwanza, unangoja meli, unashuka Mkoani, unangoja gari. Muda unaliwa njiani.

Na kibandiko: vijana wanaobandika bei hubandika popote palipo bapa. Kopo ni mviringo, pabapa ni kitakoni na kifunikoni. Sisemi mwenzangu hana kosa. Nasema msikimbilie kusema kaficha.

#5 BiMkubwaWete
DukaLaKona mwanangu, kwa maandishi yako naona wewe ni muungwana. Lakini soma tena alivyoandika mama. Kibandiko pembe yake moja ilikuwa imeinuka. Kibandiko kilichobandikwa mara moja hakiinuki pembe. Kuna mtu alishakibandua kabla yake, akaona, akarudisha kopo. Na kopo likarudi rafuni.

#6 MamaPacha
Bi Mkubwa umenitia baridi ya mwili. Hilo sikuliwaza kabisa.

#7 DukaLaKona, Wete
Bi Mkubwa, shikamoo. Hapo sina jibu. Labda unyevu, maduka yetu yana joto na gundi hulegea. Lakini sina jibu.

#8 UstadhGombani
Ahsanteni. Niongeze la dini, maana wengi wetu hofu ya Mungu hutufika kabla ya hofu ya mkaguzi.

Katika Sahihi Muslim ipo hadithi kwamba Mtume (SAW) alipita penye rundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono, vidole vikatoka na majimaji. Akamuuliza mwenyewe ni nini hiki. Akasema ni mvua, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu. Akamwambia, basi kwa nini hukuiweka juu watu wakaiona? Mwenye kughushi si katika mimi.

Nataka muitazame kwa makini. Yule mtu hakuloweka nafaka. Mvua ndiyo iliyoloweka. Hakuulizwa kwa nini imelowa, kaulizwa kwa nini iko chini. Kwa hiyo ndugu yangu DukaLaKona, tajiri wa jumla ni mvua yako. Hukuileta wewe, sawa. Lakini iweke juu.

Na katika fiqhi mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwepo kabla ya kununua ana khiyari ya kurudisha. Hiyo ipo kabla ya sheria ya 2018 na kabla ya kibao.

#9 KijanaWaKonde
"Tajiri wa jumla ni mvua yako." Ustadh, hili nitalisema kila duka nitakaloingia.

#10 Mkemia_Chake
Nimesomea mambo ya chakula, nisahihishe jambo. Si kila tarehe ni sawa. Ipo inayosema kitu ni bora kabla ya siku fulani. Hapo biskuti ikipita wiki itapoteza ukavu wake, haitakuua. Na ipo ya mwisho wa matumizi, EXP, hiyo haina mjadala. Kwa kanuni za kimataifa za lebo za chakula, sukari, siki na chumvi isiyotiwa madini joto hazilazimiki hata kuandikwa tarehe. Kwa hiyo wanaopiga kelele juu ya paketi ya sukari isiyo na tarehe wanakosea.

Maziwa ya watoto wachanga ni kundi lake peke yake. Mtoto wa miezi saba kama hanyonyi, kopo ndiyo chakula chake kikuu, na vitamini zilizotiwa mle hupungua kadiri linavyokaa. Tarehe pale ni ahadi kwamba kilichoandikwa nje ndicho kilichomo ndani.

Lakini ile harufu, dada, ni mafuta yaliyoharibiwa na hewa na joto. Kopo likikaa chini ya bati, juani, linaweza kunuka hivyo hata tarehe bado. Kwa hiyo inawezekana tatizo la duka lile ni tarehe, inawezekana ni bati, inawezekana yote mawili. Usiwape watoto hata kijiko. Na kama waliwahi kunywa, waangalie, wakitapika au kuharisha wapeleke hospitali.

#11 MamaPacha
Hawakunywa, alhamdulillahi. Nilimwaga palepale. Nawanyonyesha, kopo ni la kuongezea tu maana ni wawili. Ahsante sana. Na duka kweli ni la bati, na rafu ya maziwa iko ukuta wa magharibi.

#12 MtuWaMwanakwerekwe
Nawasalimu kutoka Unguja. Hili la joto limenikumbusha Disemba 2009. Umeme ulikatika Unguja nzima mpaka Machi 2010. Mie nilikuwa na mafriza mawili, kuku na samaki. Siku ya kwanza nikasema utarudi kesho. Ya pili nikanunua barafu. Ya tatu usiku nikafungua friza nikatia mkono kama alivyosema Ustadh, na mkono ukatoka na maji mekundu.

Nikachimba shimo nyuma ya nyumba nikazika kuku wote. Mke wangu kasimama na taa ya mafuta hasemi neno. Jirani yangu hakuzika. Kapata jenereta siku ya tano, akawagandisha upya, akauza. Na watu walinunua, kwa sababu akifungua friza unaona barafu nyeupe, kuku wagumu, safi. Mie nilimaliza deni lile baada ya miaka miwili. Yeye alinunua vespa.

Nasema hivi kwa sababu watu wanadhani muuza duka mwaminifu anapata baraka siku ya pili yake. Miaka miwili nilikula mkate na chai ya rangi.

#13 NahodhaMkoani
MtuWaMwanakwerekwe, pole. Wakati ule Pemba tulikuwa na taa, na ndugu zetu wa Unguja walikuwa wanatupigia simu kutuuliza umeme ladha yake vipi.

#14 MtuWaMwanakwerekwe
Nahodha acha hizo! Taa zenu za majenereta ya Wesha, leo ipo kesho haipo. Waya wa baharini kutoka Tanga mliupata huo huo 2010, baada yetu kuteseka.

#15 NahodhaMkoani
Ndiyo, lakini tulikuwa nazo.

#16 Msimamizi
Turudi kwenye mada. Na nakumbusha: duka lisitajwe, mtu asitajwe.

#17 MachoMawili
Tarehe angalau imeandikwa, unaweza kuibandua ukaiona. Mnasemaje juu ya mizani? Nilinunua mizani ndogo ya jikoni kwa ajili ya kupima unga wa keki. Siku moja nikapima paketi tatu za sukari zilizofungwa dukani, zote "nusu kilo". Moja gramu 497. Ya pili 481. Ya tatu 458. Duka moja, siku moja. Nikazipanga mezani nikazitazama, kwa macho zote sawasawa.

#18 DukaLaKona, Wete
Sukari hufungwa na kijana usiku, amechoka, anapima kwa bakuli la plastiki. Asipoondoa uzito wa bakuli kwenye mizani ndiyo unapata 458. Wewe umeona wizi, mie nimeona bakuli.

#19 MachoMawili
DukaLaKona, mbona bakuli halikosei upande wa pili? Sijapata paketi ya 540 hata siku moja.

#20 MzeeWaPishi
Hapo MachoMawili kapasema.

Sisi tumekulia kwenye pishi na kibaba. Pishi moja vibaba vinne, na mpaka leo zakatul-fitri tunaihesabu kwa pishi. Pishi ni chombo, si uzito, kwa hiyo hila yake ilikuwa ya mkono. Mtu akinunua kwako anataka ifurike mpaka iwe na kichuguu. Akikuuzia anapitisha kidole juu, anakwangua. Sura ya 83 imeanza na watu hao hao: wakipokea kwa watu wanataka kitimie, wakiwapimia wao wanapunguza. Mama yangu alikuwa akimuuzia jirani mchele, akishakwangua anatupia gao moja juu. Nikamuuliza la nini hili. Kasema, "Hili la kidole changu, kisije kikawa kimechimba."

#21 SheriaMtaani
Mzee shikamoo. Hilo gao la juu lingetumalizia kesi nyingi.

Kwa wasiojua: mizani ya biashara hutakiwa ikaguliwe na itiwe alama na Wakala wa Vipimo. Ukiingia dukani tazama kama ina alama ya ukaguzi. Ya jikoni kwako MachoMawili haiwezi kuwa ushahidi mbele ya mtu, kwa sababu nayo hakuna aliyeikagua. Lakini inatosha kukufanya uombe sukari ipimwe mbele yako.

#22 UkhtiRaudha
Na chenji ya pipi je? Nikimtuma mwanangu anarudi na pipi mbili badala ya shilingi mia. Kwa mwezi ni pesa. Mie pipi sizitaki, meno ya watoto yanakwisha.

#23 DukaLaKona, Wete
Leo nimekuwa mshitakiwa wa Pemba nzima. Ukhti, sarafu hazipatikani, wallahi. Nakwenda benki naambiwa hamna.

#24 UkhtiRaudha
Sikukatalii kwamba hazipatikani. Mbona mie nikija na pipi mbili zako hupokei kama mia?

#25 UstadhGombani
Suala la pipi ni ridhaa. Ukiuliza, mtu akakubali, ni biashara. Usipouliza umemuuzia kitu bila yeye kununua. Na kwa mtoto ni zito zaidi, maana kwa madhehebu yetu ya Shafi mtoto hana mauzo yanayosihi peke yake. Wahanafi wanaruhusu akiwa na ufahamu na idhini ya mzazi. Mtoto aliyetumwa ni amana ya mzazi wake mkononi mwa muuza duka. Haya tunayofanya yanaendeshwa kwa kuaminiana, na ndiyo maana lile neno "mtoto angeangalia" limenikera.

#26 MwalimuTibirinzi
Nimesoma yote na naona tunalizunguka jambo moja bila kuligusa. MamaPacha aliuliza mawili. La kibao tumejibu, sheria namba 5, khiyari, vizuri. La pili ni daftari, na kila mtu kalipita kama shimo la njiani.

Tokea 15 Machi 1962, Kennedy wa Marekani alipotaja haki za mtumiaji mbele ya Baraza lao, dunia inazihesabu: haki ya usalama, ya kupewa habari, ya kuchagua, ya kusikilizwa. Siku hiyo ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka. Mie niulize, mwenye daftari ana ipi katika hizo? Kuchagua hana, anakwenda anapokopeshwa. Kusikilizwa hana, akisema sana daftari linafungwa. Anayelipa taslimu anaweza kuhama duka. Mwenye deni hahami. Kwa hiyo kila sheria tunayoitaja hapa inamlinda zaidi yule mwenye pesa mfukoni.

#27 BiMkubwaWete
Mwalimu umesema, na mie nitasema la ndani.

Marehemu baba alikuwa na duka miaka mingi. Alipokufa tulifungua daftari lake. Daftari la skuli, la mistari, jalada limekwisha kwa jasho la mikono. Majina yote kwa penseli. Mbele ya baadhi ya majina alitia nukta ndogo. Tukadhani ni wadeni sugu. Mama akatwambia, hao ni watu aliowahi kuwapa kitu kibovu bila kujua, na nukta ni ukumbusho asidai mpaka awalipe kwanza. Zilikuwa nukta kumi na moja. Tulikwenda nyumba kwa nyumba. Wengine walikuwa hawakumbuki kabisa, mmoja alilia.

Na baba alikuwa akisema mali iliyokaa huenda kwa wa daftari. Muuza duka akiwa na mchele wenye wadudu, anayelipa taslimu atapewa polo jipya, anayekopa atapewa la zamani, na atasema ahsante. Hiyo ndiyo hofu yangu kwa kopo la MamaPacha. Mtoto alikuja na pesa au alikuja na daftari?

#28 MamaPacha
Na daftari, Bi Mkubwa. Siku ile alikuja na daftari.

#29 DukaLaKona, Wete
Bi Mkubwa, nakuheshimu, lakini si kila muuza duka. Mie wa daftari ndio wateja wangu wa kweli. Wa taslimu anapita, wa daftari anarudi. Nikimpa kibovu nampoteza yeye na deni lake. Nna watu wananidai kimya, na watu nawadai miaka mitatu wanapita upande wa pili wa barabara. Wajibu ni wa pande mbili, mbona hatusemi juu ya anayekopa na kuhama mtaa?

#30 KijanaWaKonde
Hilo nalo kweli. Ami yangu kafunga duka kwa sababu ya madeni, si kwa sababu ya ushindani.

#31 MwalimuTibirinzi
Ni kweli, na anayekimbia deni amedhulumu. Lakini dhuluma yake haihalalishi kopo. Pacha wa miezi saba hawakukopa kitu.

#32 SheriaMtaani
DukaLaKona, nikuulize wewe unayenunua jumla. Tajiri akikuuzia kilichokaribia muda, unapewa risiti?

#33 DukaLaKona, Wete
Napewa karatasi. Imeandikwa "bidhaa mchanganyiko" na jumla chini. Ukitaka iandikwe kila kitu na tarehe zake unaambiwa foleni ndefu, nenda duka jengine.

#34 SheriaMtaani
Basi hapo ndipo unapofungwa. Watu wanadhani risiti ni ya ZRA tu, ya kodi. Risiti ndiyo inayoonesha mzigo ulitoka wapi, lini, na nini. Mteja akikurudishia kopo, wewe nawe unamrudishia tajiri. Ukiwa na "bidhaa mchanganyiko" mzigo unaishia kwako, na wewe unaushushia mtoto wa miaka tisa. Dai iandikwe. Wauza duka wa mtaa mmoja mkidai pamoja, foleni haitakuwa ndefu.

#35 MachoMawili
Wakaguzi wako wapi kwenye haya yote? Nawaona mjini, kwenye maduka makubwa, karibu na Ramadhani. Shehia za ndani huko sijawaona.

#36 Mkemia_Chake
Wanafika, lakini hawawezi kufika kila duka kila mwezi. Hakuna nchi yenye mkaguzi kwa kila rafu. Mkaguzi wa kila siku ni mwenye duka mwenyewe: bidhaa mpya nyuma, ya zamani mbele, na kila Ijumaa kabla ya kufunga kwa ajili ya sala apitishe macho kwenye tarehe. Robo saa.

#37 MzeeWaPishi
Na akikuta iliyopita muda afanye nini nayo? Maana hapo ndipo moyo unapojaribiwa. Kuiona si tabu.

#38 MtuWaMwanakwerekwe
Azike, Mzee. Nakwambia nimeshazika.

#39 MamaPacha
Nimerudi kuwapa habari, maana mmenipa nguvu.

Jana baada ya Alasiri nilikwenda na wifi yangu mkubwa. Sikwenda kwa shari. Nikaweka kopo juu ya meza, nikamwambia kaka, sitaki kukushitaki, nataka kujua tu ulijua au hukujua. Akanyamaza. Akafungua mtoto wa meza akatoa karatasi ya tajiri, na wallahi imeandikwa vile vile, "bidhaa mchanganyiko". Akampigia tajiri mbele yetu, akaweka sauti ya nje. Tajiri akamwambia, "Nilikuuzia bei ile, ukajua kwa nini ni bei ile." Simu ikakatika. Muuza duka kainamisha uso, hakututazama tena mimi wala wifi.

Kisha kavuta daftari, akatafuta jina langu, akapiga mstari juu ya elfu ishirini na mbili za kopo. Akasema, "Nisamehe, Bi." Nikamsamehe la kwangu.

Lakini nilipoinua macho nikaona nyuma yake, rafu ya ukuta wa magharibi, kopo tano kama lile, zimepangwa vizuri. Nikamuuliza, na hizo? Kasema, "Hizo niachie mimi." Nikaondoka. Usiku kucha najiuliza "niachie mimi" maana yake nini.

#40 SheriaMtaani
Umefanya makubwa, dada. Sasa la kwako limekwisha, hizo tano ni za watu wote. ZFDA wana ofisi Pemba, unaweza kutoa taarifa ya bidhaa bila kuomba mtu afungwe. Wanaondosha na kuteketeza.

#41 UstadhGombani
Mimi ningempa siku mbili kwanza. Mtu aliyesema nisamehe anaweza kuwa anatafuta njia ya kuzitoa bila kuaibika mbele ya mtaa.

#42 MwalimuTibirinzi
Ustadh, siku mbili ni kopo ngapi?

#43 DukaLaKona, Wete
MamaPacha, mpelekee mwenzangu ujumbe huu kama unaweza, mwambie umetoka kwa muuza duka wa Wete asiyemjua. Nami nilikuwa na kopo tatu. Nilipomaliza kusoma ya Ustadh juzi usiku nilishuka dukani na tochi nikazikuta. Nimezitoboa kwa msumari nikamwaga unga chooni, maana ukitupa zima jaani kuna atakayeokota. Elfu sitini na kitu zimekwenda. Mwambie inauma, lakini siku moja tu.

#44 BiMkubwaWete
Mwenyezi Mungu akulipe, mwanangu.

MamaPacha, mie nna mjukuu hapo Machomane, na mamake humtuma mtoto dukani vile vile. Niandikie faraghani. Duka sikuulizi. Niambie rangi ya kopo.